Namna ya kuandika maelezo ya zana za hisabati ili wakala wa akili mnemba asikosee kuzitumia

Maswali ni yale yale kila wiki. "Nimempa wakala zana ya kutatua milinganyo, mbona bado anapiga hesabu kwa kichwa?" "Mbona anaita zana sahihi halafu jibu linatoka la ajabu?" "Maelezo yawe marefu kiasi gani?" Nimechoka kumjibu mmoja mmoja, kwa hiyo nayaweka yote hapa. Mwongozo huu ni wako ikiwa tayari una fanksheni ya hisabati inayofanya kazi na unataka wakala, yaani modeli ya lugha inayoweza kuita programu nyingine (zana), aiite mwenyewe bila kuvuruga mambo.

Nadharia ni fupi. Modeli haioni msimbo wako. Inaona vitu vitatu tu: jina la zana, maelezo uliyoandika, na orodha ya vigezo, ambayo mara nyingi huandikwa kwa JSON Schema (muundo wa kueleza data inayotakiwa iweje). Hata ukipitia MCP, itifaki ya kuunganisha modeli na zana ambayo Anthropic waliitangaza Novemba 2024, ni hayo hayo: jina, maelezo, skima ya vigezo. Usichokiandika humo, modeli itakikisia. Na ubaya wa hisabati ni kwamba kisio baya halipigi kelele. Zana ya kutuma barua pepe ikipewa anwani mbovu, hukataa. Zana ya sine inayosoma radiani ikipewa 30 na mtu aliyekusudia digrii, hurudisha -0.988 badala ya 0.5, kimya kimya, na wakala huiandika kwenye ripoti kama kawaida.

Kabla hujaanza, kuwa na hivi

- Zana yenyewe, ikiwa imetulia. Zana inayobadilika kila siku itakufanya uandike maelezo mara tano.
- Msimbo wake, au aliyeuandika awe karibu umuulize.
- Maswali kumi hadi ishirini kama watumiaji wanavyouliza kweli, pamoja na majibu uliyoyahakiki kwa njia nyingine. Yasiwe mazuri mazuri tu. Weka na yale ya "nitafutie x hapa" ambayo hayasemi x ni ya aina gani wala inatafutwa wapi.
- Namna ya kuona kila wito wa wakala: ameita zana gani, ametuma nini, kimerudi nini. Usipokuwa na hiki unatibu ugonjwa ambao hujaupima.

Shahada ya hisabati haihitajiki. Kinachohitajika ni kuuliza "na ikiwa hivi, je?" mpaka wenzako wakuchoke.

Hatua

1. Ichokoze zana kwa mkono kabla hujaandika neno.

Nitatumia mfano mmoja toka hapa hadi mwisho. Nilikuwa na zana inayopokea fanksheni f na namba mbili, a na b, kisha inatafuta x iliyo kati yake ambapo f(x) ni sifuri. Inakata nusu kwa nusu: inaangalia katikati, inabaki na upande ambao alama inabadilika kutoka hasi kwenda chanya au kinyume chake, inakata tena. Maelezo yangu ya kwanza yalikuwa "Hutatua milinganyo." Maneno mawili, nikaona nimemaliza.

Chukua x³ − 6x² + 11x − 6. Mizizi yake, yaani thamani za x zinazoifanya iwe sifuri, ni 1, 2 na 3. Wakala aliipa zana a = 0 na b = 4. Katikati ni 2, f(2) ni sifuri, zana ikarudisha 2. Wakala akamwambia mtumiaji x = 2, akafunga kazi. Siku nyingine akatuma 1.5 na 3.5. Hapo f(1.5) ni 0.375 na f(3.5) ni 1.875, zote chanya, kwa hiyo zana ikakataa, maana haina alama ya kufuata. Wakala akaripoti kwamba mlinganyo hauna jibu kati ya namba hizo, na 2 na 3 zimekaa humo humo. Msimbo ulifanya ulivyoandikwa mara zote mbili. Mimi ndiye sikusema kwamba zana inaleta mzizi mmoja tu, wala kwamba kukataa kwake si sawa na kusema "hakuna".

Kwa hiyo ichokoze. Ipe sifuri, namba hasi, namba kubwa mno, orodha tupu, matriksi isiyo na kinyume. Ipe fanksheni ambayo grafu yake imekatika: 1/x kati ya -1 na 2 ina alama tofauti kwenye ncha zake, na zana kama yangu itasogea sogea mpaka karibu kabisa na 0 na kukuletea "mzizi" ambao haupo. Kila kioja kiandike kwenye karatasi. Ukimaliza, karatasi hiyo ndiyo maelezo yako. Kilichobaki ni kuipanga.

2. Ipe jina linalosema kazi yake.

Kitenzi na kitu, basi. Nilibadilisha `tatua` kuwa `tafuta_mzizi`, na umoja ule nimeuweka makusudi. Onyo moja: ukiwa na `kokotoa`, `tathmini` na `piga_hesabu` kwenye orodha moja, usimlaumu wakala akibahatisha. Hata wewe baada ya miezi miwili utabahatisha.

3. Sentensi ya kwanza iseme inafanya nini, juu ya nini, na inarudisha nini.

Usizunguke mbuyu. "Zana yenye uwezo mkubwa kwa hisabati za juu" ni maneno ya tangazo. Wakala hawezi kuamua lolote kwa sentensi hiyo. "Hukadiria mzizi mmoja halisi wa f(x) = 0 kati ya a na b" inaamua mambo manne kwa mkupuo: ni makadirio, ni mmoja, ni namba halisi, na inahitaji mipaka.

Jihadhari na maneno ya kitaalamu yanayoonekana yana maana moja kumbe yana mbili. Kipenzi changu ni mkengeuko sanifu, kipimo cha namba zilivyotawanyika. Kwa namba 2, 4, 4, 4, 5, 5, 7, 9, NumPy, maktaba ya hesabu ya Python, usipoiambia vingine itakupa 2, kwa sababu inagawa kwa n, idadi ya namba. pandas, maktaba nyingine ya Python, itakupa karibu 2.138, kwa sababu inagawa kwa n − 1. Zote mbili ziko sahihi, kila moja kwa fomula yake. Ukiandika "hurudisha mkengeuko sanifu" na kunyamaza, mtumiaji atalinganisha jibu lako na la programu nyingine na kukuambia zana yako mbovu.

4. Eleza kila kigezo kana kwamba msomaji hatakuuliza swali.

Hatakuuliza kweli. Hapa ndipo maelezo mengi hufia, kwa hiyo usikimbie. Kwa kila kigezo sema ni cha aina gani, kwa kizio gani, mipaka yake ni ipi, kinaandikwaje, na kisipotajwa zana inachukua nini. Mitego ninayoikuta mara kwa mara ni hii:

*Kipeo.* Kwenye Python, 2^3 ni 1, si 8, kwa sababu alama ile inalinganisha biti. Modeli imesoma hisabati nyingi mno iliyoandikwa kwa ^, na itaituma. Ama zana yako iibadilishe yenyewe, ama maelezo yaseme wazi kwamba kipeo huandikwa kwa `**`. Sema pia kama 2x inakubalika au lazima iwe 2*x.

*Logi.* Kwenye Python `log` ya namba moja ni logi asilia. Kwenye vikokotoo vingi vya mkononi kitufe cha log ni cha msingi wa 10. Andika msingi.

*Namba kubwa.* Programu nyingi zikisoma namba kutoka kwenye JSON huihifadhi kama desimali ya biti 64, na kuanzia 2 kwa kipeo cha 53 namba kamili huanza kupotea. Tuma 9007199254740993, itasomwa 9007199254740992. Kwa zana ya kuchora grafu hilo ni vumbi. Kwa zana ya kuchambua namba tasa ni msiba. Pokea namba za namna hiyo kama maandishi, useme hivyo kwenye maelezo ya kigezo.

*Mpangilio.* Fanksheni ya `atan2` kwenye Python inataka y kwanza kisha x. Kwenye Excel ni x kwanza kisha y. Vipe vigezo majina, usitegemee nafasi.

*Desimali na sehemu.* Sema kwamba desimali ni kwa nukta na kwamba maelfu hayatenganishwi kwa mkato. Kama zana inafanya kazi na sehemu kamili, mwambie wakala atume "1/3" kama maandishi. Akituma 0.333 umeshapoteza jibu kabla ya kuanza.

*Vizio.* Mwaka 1999 NASA walipoteza chombo cha Mars Climate Orbiter kwa sababu programu moja ilitoa namba kwa paundi za nguvu na nyingine ikazisoma kana kwamba ni newton. Walikuwa watu na nyaraka, hapakuwa na modeli yoyote ya lugha. Kizio kiandike hata kama unaona kila mtu anakijua.

Kuhusu pembe nina msimamo mkali kidogo. Usiishie kwenye sentensi ya "pembe ziwe kwa radiani". Weka kigezo cha lazima, `kizio_cha_pembe`, chenye thamani mbili tu zilizoorodheshwa kwenye skima: "digrii" na "radiani". Wakala akilazimika kuchagua, hurudi kusoma swali la mtumiaji. Jambo lolote linaloweza kulazimishwa na skima usiliache kwenye aya, kwa sababu aya husomwa na kusahaulika, lakini wito usio na kigezo cha lazima unaweza kukataliwa papo hapo.

5. Eleza kinachorudi, hasa kikiwa kitupu.

Je, jibu ni kamili au ni makadirio? Makadirio ya usahihi gani? Orodha ina mpangilio? Mzizi unaojirudia unaandikwa mara moja au mara mbili? Namba changamano zimo au zimeachwa?

Halafu orodha tupu. Kuna "nimetafuta kote, hakuna" na kuna "nimeshindwa kutafuta". Wakala anayepokea [] kwa hali zote mbili hana namna ya kuzitofautisha, na karibu kila mara atasema "hakuna". Kama zana yako inafanya hivyo sasa, acha kuandika, nenda karekebishe zana. Nimewahi kuandika aya nzima kueleza [] ina maana gani lini. Ilikuwa kupoteza wakati. Mistari mitatu ya msimbo ilimaliza kazi.

6. Sema ni lini isiitwe, na badala yake iitwe ipi.

Hii ndiyo sehemu inayorukwa kuliko zote, na ndiyo inayomzuia wakala asilazimishe msumari kwenye mbao isiyofaa. Taja zana jirani kwa jina lake kamili: "Ukitaka mizizi yote ya polinomia, tumia `tatua_polinomia`." Kisha nenda kwenye maelezo ya `tatua_polinomia` uandike upande wa pili wa sentensi hiyo. Maelezo ya zana mbili jirani yaandikwe pamoja, siku moja, na mtu mmoja.

7. Weka mifano miwili, mitatu ikizidi.

Mmoja wa kawaida, mmoja wa kukataliwa. Chagua kwa uangalifu, maana modeli huiga mfano kuliko inavyotii maelekezo. Mfano wangu wa kwanza ulikuwa na a = 0, na kwa siku kadhaa nikawa naona miito inaanzia 0 hata pale mtumiaji alipotaja mipaka mingine. Nilipoweka mfano wenye a = -2.5, tabia hiyo ikaisha.

8. Andika ujumbe wa hitilafu kama sehemu ya maelezo.

Wakala huusoma ujumbe huo akiwa amekwama, kwa hiyo ndipo anapohitaji msaada zaidi. "Ingizo batili" humfanya arudie wito ule ule. Linganisha na huu:

"f(a) = 0.375 na f(b) = 1.875 zina alama moja. Hii haina maana kwamba hakuna mzizi. Jaribu mipaka mingine, au tumia tatua_polinomia kama f ni polinomia."

Namba zipo, onyo lipo, hatua inayofuata ipo.

9. Unganisha yote, kisha punguza.

Haya ndiyo maelezo ya mwisho ya zana yangu:

> `tafuta_mzizi`: Hukadiria mzizi mmoja halisi wa f(x) = 0 kati ya a na b kwa kukata nusu kwa nusu. Hurudisha namba moja ya desimali. Kama kuna mizizi kadhaa kati ya a na b, huleta mmoja tu na haisemi kama kuna mingine. f(a) na f(b) lazima ziwe na alama tofauti. Zikiwa na alama moja zana hukataa, na kukataa si ushahidi kwamba mzizi haupo. Grafu ya f isikatike kati ya a na b, la sivyo jibu laweza kuwa la uongo. Weka jibu kwenye f na uone kama linakaribia sifuri. Kwa mizizi yote ya polinomia tumia `tatua_polinomia`.
>
> `f`: maandishi. Kigeu ni x peke yake. Kuzidisha ni *, kipeo ni `**`, log ni logi asilia, pembe ni radiani. Mfano: `"x**3 - 6*x**2 + 11*x - 6"`.
>
> `a`, `b`: namba, a iwe ndogo kuliko b. Mfano: -2.5 na 1.2.
>
> `usahihi`: kosa la juu linalokubalika kwenye x, si kwenye f(x). Kisipotajwa ni 0.000000001.

(Pembe nimeziacha kwa radiani hapa kwa sababu zimo ndani ya maandishi ya f. Mahali ambapo pembe ni kigezo peke yake, narudi kwenye msimamo wangu.)

Kwa wanaouliza urefu: sentensi nne hadi nane kwa zana, na moja au mbili kwa kigezo. Kumbuka kwamba maelezo ya zana zote hubebwa kila modeli inapoulizwa, na tokeni zake (vipande vya maneno ambavyo modeli husoma) unazilipia. Ukipunguza, toa historia, toa sifa, toa jina la maktaba iliyotumika ndani. Usitoe mipaka.

10. Mjaribu wakala kwa maswali uliyoandaa.

Kwa kila swali andika majibu matatu: Ameita zana iliyostahili? Ametuma vigezo sahihi? Amelisoma jibu lilivyo? Watu wengi huangalia jibu la mwisho tu, na hapo huwezi kujua urekebishe nini. Kosa la kwanza hutibiwa kwenye jina na hatua ya 6, la pili kwenye vigezo, la tatu kwenye hatua ya 5. Badilisha sentensi moja kila mzunguko, na uliza kila swali mara kadhaa, kwani modeli ile ile yaweza kufaulu leo asubuhi na kuteleza jioni.

Mambo yakigoma

*Anapiga hesabu kwa kichwa na zana ipo.* Mara nyingi maelezo yanasema zana inaweza nini bila kusema inapaswa kuitwa lini. Ongeza: "Itumie kila mtumiaji anapotaka thamani ya namba ya mzizi, hata mlinganyo ukionekana rahisi." Angalia pia kama maelekezo makuu ya wakala yanamhimiza ajibu haraka, hayo yanaweza kuyashinda maelezo yako.

*Anarudia wito ule ule mara nne, mara tano.* Ujumbe wa hitilafu haumwambii la kubadilisha. Rudi hatua ya 8.

*Anatuma "x^2" ingawa umeandika `**`.* Usipigane naye. Fanya zana ipokee zote mbili, mradi XOR, yaani ule ulinganisho wa biti wa alama ^, hauna kazi kwenye zana yako.

*Anaita zana sahihi kisha anazungusha jibu.* Zana imerudisha 1.4142135624, yeye anaandika 1.41, halafu anaitumia hiyo 1.41 kwenye wito unaofuata. Andika kwenye maelezo ya kinachorudi kwamba thamani ipelekwe kwenye hatua inayofuata bila kuzungushwa. Suluhisho imara zaidi ni zana kurudisha na umbo kamili, "sqrt(2)", kila inapowezekana.

*Anasema "takriban" kwa jibu kamili, au "hasa" kwa makadirio.* Ongeza uga mmoja kwenye tokeo, `ni_kamili`, wenye thamani ya kweli au si kweli.

*Ilikuwa sawa, ghafla imeharibika, na hukugusa kitu.* Uliza mambo mawili: toleo la modeli limebadilika? Kuna mtu ameongeza zana nyingine kwenye orodha? Mara ya mwisho yaliponikuta, mwenzangu alikuwa ameongeza `tafuta_suluhisho`, na maelezo yake yalikuwa "Hutatua milinganyo."